Majina Nyuma ya Jalada

Mama hakuniambia siku aliyoacha kusoma. Niligundua mwenyewe, tena kwa kuchelewa. Kila Jumapili nikifika kwake Buruburu nilikuta riwaya ileile juu ya stuli kando ya kiti chake, na kile kipande cha kalenda anachowekea alama kilikuwa palepale, kiasi cha robo ya kitabu. Jumapili ya kwanza sikutia maanani. Ya tatu nikakitazama mara mbili. Ya sita nikakifungua kitabu, nikamsomea aya moja kwa sauti, kisha nikampa aendelee pale nilipoishia. Alikishika kwa mikono miwili. Akakisogeza mbali, akakileta karibu, akakielekeza dirishani. Halafu akakifunga taratibu, akaniambia, "Mwanangu, herufi zimekuwa sisimizi."

Huyu ni mtu aliyefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31. Kisukari kilimwanza muda mfupi kabla hajastaafu, na mwaka 2021 kikafika machoni. Daktari alitueleza kwamba sukari ikizidi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, kwenye retina, na kwamba kilichoharibika huko hakirudishwi na miwani. Akapigwa leza ili hali isizidi. "Isizidi" ndilo neno tulilorudi nalo nyumbani. Kuhusu kusoma hatukuuliza, kwa sababu mtu aliyeponea upofu hujiona mtovu wa shukrani akianza kulilia kitabu.

Hadi wakati huo nilikuwa na msimamo mmoja kuhusu vitabu vya kidijitali: havinihusu. Mimi ni mtu wa karatasi. Nilikua nikilala chumba kimoja na kabati la vitabu la Mama, na rafiki zangu walipoanza kusomea kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, na kwenye simu niliwajibu kwa hoja ambazo kila mpenzi wa karatasi anazo: uzito wa kitabu mkononi, kidole gumba kinachojua umebakiza kurasa ngapi, furaha ya kuchungulia jalada la kitabu anachosoma abiria wa kiti cha pili. Bado naziamini hoja hizo. Lakini Jumapili ile nilielewa kwamba ni hoja za mtu mwenye macho mazima. Riwaya ya kawaida huchapwa kwa herufi za pointi 10 au 11. Maandishi makubwa ya wasioona vizuri huanzia pointi 16 au 18, na kuna siku Mama huhitaji zaidi ya hapo. Karatasi ikishapigwa chapa, herufi zimekaa. Huwezi kuzibembeleza zikue.

Basi mwaka 2022 nikamnunulia kifaa cha kusomea, cha mkono wa pili, shilingi 8,500, kutoka kwa mwenzangu kazini aliyekuwa amepata kipya. Mama alikipima kwa kiganja, akakipa jina palepale: kibao. Darasa la kwanza, anasema, walijifunza kuandika kwenye vibao vyeusi kwa chaki, na somo likiisha walifuta ili waandike mengine. "Hiki nacho kinafuta?" akaniuliza. Nikamwambia kinafuta na kuandika upya kila unapokigusa.

Alitaka kujua kwa nini hakimchomi macho kama simu. Nilimweleza nilivyoelewa. Kioo chake hakina taa nyuma. Ndani mna vifuko vidogo mno, upana wake kama wa unywele mmoja, na kila kifuko kimejaa chembe nyeusi na chembe nyeupe zenye chaji tofauti za umeme. Mkondo ukipita, mahali penye herufi chembe nyeusi hupanda juu na nyeupe huzama. Mkondo ukikatika, chembe hubaki zilipo, ndiyo maana ukurasa unaweza kukaa mbele yako saa nzima bila kula chaji. Mwanga unaousomea ni uleule unaosomea karatasi, wa dirishani au wa taa ya chumbani, na usiku kuna vitaa vidogo pembeni vinavyomulika kioo badala ya kumulika uso wako. Wino huo ulitoka katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997 kuutengeneza, na Kindle ya kwanza ilipoingia sokoni Novemba 2007 iliuzwa dola 399. Mama alisikiliza yote hayo kama anayesikiliza mwanafunzi akijibu swali, kisha akasema, "Haya. Sasa kuza herufi."

Tulizikuza hadi ukurasa mmoja wa kitabu ukawa kurasa sita za kibao. Nilikuwa nimemwekea riwaya ya Kiingereza ya karne ya 19, ya bure, isiyodaiwa haki na mtu tena. Alianza kusoma akiwa amekunja uso, akiwa tayari kushindwa. Nikaenda jikoni. Niliporudi chai yake ilikuwa imepoa kikombeni, na mimi tangu nizaliwe sijamwona Mama akiacha chai ipoe.

Kilichonigeuza mimi mwenyewe kilikuja Ijumaa, Agosti 25, 2023. Nilikuwa nimelala kwake. Karibu saa nne usiku stima ikapotea, na baada ya muda jumbe zikaanza kuingia kwenye simu: ni nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kiza. Nilikuwa katikati ya kitabu changu cha karatasi, sehemu tamu. Nikapapasa jikoni hadi nikapata mshumaa, nikausogelea, nikausogelea tena, mwali ukawa unacheza kila nikipumua, macho yakaniuma, nikaacha. Upande wa pili wa sebule palikuwa na mraba mdogo wa mwanga, na Mama nyuma yake, anasoma. Kibao kilikuwa kimechajiwa wiki iliyotangulia. Miaka yote nimewaambia watu kwamba karatasi haihitaji stima. Ni kweli, mchana.

Mengine yanayotajwa sana katika mjadala huu sitayakalia. Kwenye matatu za Jogoo Road bado nasoma karatasi, kwa sababu mkono unaopenya dirishani kunyakua simu haujawahi kutamani riwaya. Mvua nayo haina rafiki: mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumba yangu, ya chini kabisa, yakalowesha rafu mbili, na vitabu nilivyovianika kwenye kamba vilikauka vikiwa vimevimba, vingine kurasa zimegandana, havitafunguka tena. Kuhusu bei, tangu mwaka 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16, maana yake katika kila shilingi 1,000 unazoacha dukani, 138 hivi ni za kodi. Hilo linaniuma kuliko tofauti yoyote ya karatasi na kioo. Nchi inayotaka watoto wake wasome haifai kukitoza kitabu kama inavyotoza kiatu.

Watafiti nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha matokeo ya kukusanya tafiti 54 zilizotoka kati ya 2000 na 2017, zenye wasomaji zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kidogo, hasa maandishi ya kujifunzia, na hasa walipobanwa na muda. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Inalingana na ninayoyaona kwangu: nikitaka kuelewa mkataba au ripoti ndefu naichapa kwanza kwenye karatasi, nikitaka riwaya naisoma popote. Lakini tafiti kama hizo humpima mtu mmoja, ameketi peke yake na maandishi yake. Katika nyumba ya Mama kitabu hakijawahi kuwa cha mtu mmoja.

Ukifungua jalada la nyuma la kitabu chake chochote utakuta orodha. Imeandikwa kwa kalamu za rangi tofauti, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: jina la aliyeazima, darasa lake au mtaa wake, tarehe. Kitabu kikirudi, jina hukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa rula. Nadhani aliiga ile karatasi ya mihuri ya tarehe iliyogundishwa nyuma ya vitabu vya maktaba ya Makadara, alikokuwa akinituma nikiwa mdogo. Wanafunzi wake wamo, mwaka baada ya mwaka. Jirani mmoja aliyekuwa dereva wa basi yumo mara nne kwenye kitabu kimoja, maana alikuwa akikirudia kila Desemba. Mimi nimo pia, pamoja na darasa langu, kwa sababu hata mtoto wa nyumbani aliandikwa kama wengine na jina lake kukatwa kama la wengine.

Kuna riwaya aliyoinunua mara tatu kwa wauza vitabu wa kando ya barabara huko mjini, ambao hadi leo humwita "Mwalimu" na kumwekea vitu chini ya meza. Mara mbili iliazimwa ikapotea. Na kila aliponunua nakala nyingine, kitu cha kwanza alichofanya ni kuandika nyuma yake jina la aliyepotea na ile ya kwanza. Hakuwa akimdai. Nilipomuuliza sababu alisema asingependa kitabu kisahau. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuelewa kitabu kinaweza kukumbuka nini.

Sasa naelewa kiasi. Vitabu vyake vingi vilikuwa na maisha kabla ya kumfikia. Fungua ukurasa wa kwanza utakuta muhuri wa shule ambayo hujawahi kuisikia, au jina la mtoto aliyepewa zawadi kwa kuwa wa pili darasani mwaka 1974. Ukisoma kitabu cha aina hiyo unajua kabisa kwamba umeketi mahali palipokaliwa.

Kibao hakina mahali pa orodha. Hili ndilo jambo langu na vitabu vya kidijitali, na halihusiani na harufu ya karatasi. Ukinunua kitabu katika maduka makubwa ya mtandaoni, unachopewa ni leseni ya kukisoma kupitia akaunti yako. Faili imetiwa kufuli. Huwezi kuivusha ukuta kumpa jirani, huwezi kuiuza kando ya barabara, na watoto wako hawatagawana rafu. Jimbo la California liliona wanunuzi wengi hawajui hivyo, likatunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2025 inayowataka wauzaji waseme wazi kwamba wanauza leseni. Mwaka 2019 Microsoft walipofunga duka lao la vitabu, vitabu ambavyo wateja walikuwa wamevilipia viliacha kufunguka. Pesa zilirudishwa.

Na Julai 2009 kulitokea jambo ambalo nilimsimulia Mama akaniambia nirudie. Amazon waligundua kwamba nakala fulani za vitabu viwili vya George Orwell zilikuwa zimewekwa dukani na mtu asiyekuwa na haki ya kuziuza. Wakaziondoa dukani, kisha wakaziondoa pia ndani ya Kindle za watu waliokuwa wameshazinunua, kwa mbali, bila kubisha hodi. Baadaye waliomba radhi. Kimojawapo kilikuwa Animal Farm. Mama aliinuka, akaenda kabatini, akapapasa rafu ya pili, akarudi na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa hapahapa Nairobi mwaka 1967. Jalada lake linashikiliwa na selotepu. Nyuma pamejaa majina, yote yamekatwa. Anayetaka kukiondoa kitabu hicho itabidi aje Buruburu, agonge lango, aongee na Mama.

Kwa hiyo naomba nisieleweke kwamba kibao kimenishinda hoja zote. Kimempa Mama macho. Kuazimana kimemnyima, na kwa watu kama sisi, ambao vitabu vingi tulivyosoma maishani hatukuvinunua, hiyo si hasara ndogo.

Baada ya miezi michache Mama alichoka na Kiingereza. Akaniambia amekumbuka lugha yake, kwa namna mtu anavyosema amekumbuka nyumbani. Nikaketi usiku tatu mfululizo nikitafuta mtandaoni riwaya za Kiswahili alizokuwa akizifundisha. Nilipata vitabu vya kuwafunza wageni salamu. Nikapata maandiko ya dini. Riwaya zenyewe, kazi za watunzi wetu wakubwa ambazo ukiingia Text Book Centre unazikuta rafuni, karibu zote sikuziona popote kwa namna ambayo kibao kingeweza kuzifungua na kukuza herufi zake. Nilizoziona ni PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kurasa zilizopigwa picha kwa simu, zimepinda, kidole cha mpigaji kinaonekana pembeni. Picha ya ukurasa haikui kama herufi zinavyokua. Ukiivuta unabaki na nusu sentensi, na lazima uisukume kushoto na kulia ili upate nusu ya pili. Tena mwandishi haambulii hata shilingi. Nilizifuta.

Hata kibao chenyewe hakikumjua. Ukigusa neno la Kiingereza kinakupa maana papo hapo. Ukigusa neno la Kiswahili kinanyamaza. Mama aligusa "taharuki", akangoja, akagusa tena kwa nguvu kidogo, kisha akasema polepole, "Hakijasoma, maskini."

Kwa watoto hali ni nafuu. African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili za bure, na mpwa wangu wa miaka saba humsomea nyanya yake kutoka kwenye tableti, akikwama kwenye maneno marefu na kusubiri asahihishwe. eKitabu, kampuni ya hapa Nairobi, imefanya kazi ya kusifika ya vitabu vya shule vya kidijitali, vikiwemo vya wanafunzi wenye ulemavu. Pengo liko kwa mtu mzima anayetaka riwaya, ambaye hana mtihani wa kufanya.

Naielewa hofu ya wachapishaji. Soko lao ni shule, na riwaya ambayo si kitabu teule huuza polepole sana. Wanaogopa kwamba wakitoa faili moja itavuja na kesho iwe kwenye simu elfu moja. Lakini zile picha zilizopinda zilisambaa bila wao kutoa faili yoyote. Mwizi alishaingia. Aliyefungiwa nje ni mtu anayetaka kulipa. Mimi nilikuwa na pesa mkononi, kwa ajili ya mama yangu, na sikumpata wa kumpa. Nitalisema hili popote nitakapopewa nafasi, na kwenye maonyesho ya vitabu ya Sarit nimeshalisema katika meza mbili: watunzi wetu wa Kiswahili wamefungwa ndani ya pointi 10, na wasomaji waliozeeka nao wanawaacha mmoja mmoja, si kwa kuwachoka, bali kwa kutowaona. Tunapolalamika kwamba Wakenya hawasomi Kiswahili, tuanze na hawa wanaotaka kukisoma wakakosa.

Kuna Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaotaka nchi wanachama ziruhusu vitabu vigeuzwe katika namna ambayo wasioona na wenye uoni hafifu wanaweza kuvisoma, bila kulazimika kumwendea mwenye haki kila mara. Kenya ilijiunga mwaka 2017. Niliposoma habari zake niliacha kutafuta. Septemba 2024 nikaichukua ile riwaya ya kwenye stuli, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai mezani kwangu, nikaanza kuiandika upya kwenye kompyuta, neno kwa neno. Jina lake silitaji, maana nakala ile ni ya macho ya mtu mmoja.

Kurasa nne kwa usiku, tano nikiwa na nguvu. Nilidhani itakuwa kazi ya vidole tu. Sikujua kwamba kuandika kitabu cha mtu mwingine ni kukisoma kwa mwendo ambao msomaji wa kawaida hawezi kuwa na subira nao. Niliona mahali mtunzi alipochagua "akanyamaza" badala ya "akakaa kimya", nikaelewa kwa nini. Niliona alivyoficha habari ya kifo katika nusu sentensi, ili uipite kisha urudi mbio. Nimekisoma kitabu hicho mara tatu maishani kabla ya hapo na sikuwahi kuiona nusu sentensi hiyo.

Usiku kama huo nilimfikiria Michael Hart, kijana wa Chuo Kikuu cha Illinois ambaye Julai 4, 1971, alichukua nakala ya Azimio la Uhuru wa Marekani aliyopewa dukani alikokwenda kununua chakula, akaipiga chapa kwenye kompyuta ya chuo ili wengine waisome. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Project Gutenberg, na ile riwaya ya kwanza niliyomwekea Mama ilitoka huko. Kitabu cha kidijitali kilianza kwa mtu mmoja na vidole vyake. Lakini zaidi niliwafikiria wetu. Tenzi za Lamu na Pate zilitufikia kwa sababu watu waliketi wakazinakili kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, nakala moja baada ya nyingine. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anaanza kwa kumwita aketi karibu, aje na wino na karatasi. Nilipokuwa nikisogeza kompyuta karibu na taa nilihisi nimeitwa hivyo.

Tatizo lilikuwa penseli. Kitabu cha Mama kimejaa maandishi pembeni, ya miaka yote aliyokifundisha: maswali ya darasani, maneno ya kueleza, makosa ya uchapaji aliyoyasahihisha. Je, hayo ni sehemu ya kitabu? Nilikaa na swali hilo usiku mmoja bila kuandika chochote. Mwishowe niliyaweka yote, kila moja mahali pake, ndani ya mabano ya mraba, pamoja na mwaka pale alipouandika.

Nilimpelekea sura kwa sura, kila Jumapili. Jumatatu simu iliita. "Sura ya tatu, aya ya pili kutoka mwisho, umeandika 'alimwona' mara mbili." "Sura ya tano umeruka mstari. Najua umeuruka, kwa sababu hapo palikuwa na ng'ombe." Nikafungua kitabu, nikamkuta ng'ombe. Alisoma kwa kalamu nyekundu kichwani, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ile niliyoisikia utotoni ikipita ukutani akisahihisha insha usiku.

Kisha akafika sura ya tisa. Alipiga simu mapema, sijatoka kwenda kazini. "Huyu aliyeandika kwenye mabano kwamba hapa mtunzi anaharakisha, ni nani?"

"Ni wewe, Mama. 1989."

Akanyamaza kwa muda. "Alikuwa mdogo," akasema. "Mtunzi haharakishi. Kijana amefiwa na mama yake, na siku za mfiwa ndivyo zinavyokwenda, unashtukia ni jioni. Niongezee mabano mengine chini ya hayo. Andika 2024."

Nikayaongeza. Tulimaliza wiki ya pili ya Desemba. Alikisoma kitabu chote tena tangu mwanzo, safari hii bila kunipigia.

Februari 2025 nilifika Jumapili moja nikamkuta ameketi mikono mitupu. Kibao hakikuwa kwenye stuli wala mezani. Nilidhani kimeharibika, au ni macho, na moyo ulinipiga.

"Kiko kwa mwalimu mwenzangu," akasema. "Herufi zake nazo zimeanza kuwa sisimizi."

"Lakini Mama, mle mna vitabu vyako vyote."

"Ningemwazimaje kimoja? Si ulisema havitoki?" Akanyoosha mkono akachukua ile riwaya ya karatasi, akafungua jalada la nyuma, akanionyesha. Chini ya majina yote yaliyokatwa, kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka, za mtu asiyeiona tena mistari yake, alikuwa ameandika jina la rafiki yake, na mbele yake neno "Kibao", na tarehe. Ilikuwa ya siku kumi zilizopita.

"Na wewe unasoma nini?"

"Ndiyo nakungoja," akasema, akanipa kitabu. Kipande cha kalenda kilikuwa bado palepale, kiasi cha robo. Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikaanza hapo.